Ilikuwa Kompyuta Gani?

Awoi, mama yangu,

Ukiisoma barua hii, basi lenu limeshavuka Kainuk. Ndivyo nilivyopanga. Nimeificha ndani ya ile sweta ya kijani uliyokataa kubeba, nikaisukuma chini kabisa ya begi, maana najua hutaigusa mpaka baridi ya Kitale ikushike. Na kama umeipata mapema, nakuomba kitu kimoja tu: usishuke. Kaa kwenye kiti chako mpaka ufike chuoni. Kuna jambo nimekuficha, nitalisema humu humu, na ukilisoma utataka kumwambia dereva asimame. Usimwambie.

Habari za kufua, kula kwa wakati na kujihadhari na wavulana sitaziandika. Mama yako amezimaliza, na shangazi zako wamezirudia mpaka ukaziba masikio. Mimi nina mengine. Sasa hivi uko kule kambi ya wakimbizi, kwa Mama Nyandeng, unasukwa nywele, nami nimekalia ekicholong yangu, kile kigoda alichoniachia babu yako, karatasi juu ya goti, jua la jioni linanichoma uso. Nina hasira. Nakwambia mapema ili ukiona kalamu imetoboa karatasi usifikiri mkono wa baba yako umeanza kuzeeka.

Nianze na leo asubuhi. Nimeenda dukani kukununulia sabuni, mwenye duka akaniuliza, "Apalomeri, ni kweli binti anaenda Kenya?" Nikasema ndiyo, anaenda Kenya kesho. Nilipofika nusu ya njia nikasimama katikati ya barabara kama mwendawazimu. Anaenda Kenya! Na hapa tulipo ni wapi? Kitambulisho changu kimeandikwa nini? Tumelisema neno hilo tangu nikiwa mtoto, kwamba mtu akishapita Kainuk ameingia Kenya, na wala hatuoni kwamba tunajitukana wenyewe. Mimi nimechoka nalo. Huko Eldoret mtu akikuuliza umetoka wapi, mwambie umetoka Kenya, Kakuma, na umekuja Kenya, Eldoret, kusoma. Akicheka, mwache acheke.

Unamkumbuka yule bwana wa ofisi ya basari pale Lodwar? Mimi namkumbuka kila nikinywa chai. Aliishika barua yako ya chuo kwa vidole viwili, akasoma kwa sauti, "Mitandao ya kompyuta na usalama wake," kisha akacheka. Hakukucheka wewe peke yako, alitucheka sisi sote tuliokuwa kwenye foleni. "Mzee," akaniambia, "huku hata stima ni ya kubahatisha. Huyu msichana atalinda mtandao gani? Mpeleke akasomee upishi. Mahoteli yanakuja." Nami nilifanya nini? Nilitabasamu! Nilivua kofia nikatabasamu, mtu mzima na mvi zangu, kwa sababu nilitaka muhuri wake.

Wewe ndiye uliyemjibu. "Mahoteli hayo yatakuwa na kompyuta, bwana, na kuna mtu atataka kuziingilia. Nani atamshika, mpishi?" Foleni nzima iliangua kicheko, na muhuri hatukuupata. Njia nzima ya kurudi Kakuma nilikugombeza kwamba umeharibu. Awoi, hukuharibu kitu. Kilichoharibu ni lile tabasamu langu. Nimelivaa miaka mingi mbele ya watu wenye meza, na halijawahi kunisaidia hata mara moja. Ndilo nililolivaa siku waliponiita mwizi.

Habari hiyo unaijua kwa vipande, maana kila nikianza kuisimulia napandisha sauti, mama yako anatoka nje na wewe unainama. Leo nitaisema yote, na karatasi haina pa kukimbilia.

Nilikuwa karani wa ghala la shirika la misaada, pale kambini, na nilikuwa karani mzuri. Mwanzoni tulitumia vitabu. Kisha wakaja vijana kutoka Nairobi, wakatandaza nyaya kutoka ofisi hadi ofisi, wakatuambia kuanzia sasa hakuna kitu kinachotoka ghalani bila kupitia kwenye kompyuta, na kila karani achague paswadi yake, neno la siri la kuifungulia. "Mzee, chagua neno ambalo huwezi kulisahau," kijana akaniambia. Hilo ndilo somo lote tulilopewa. Akala samaki wake, akapanda ndege, akaenda zake.

Sasa niambie wewe msomi: mwanamume wa Kiturkana akiambiwa achague neno asiloweza kulisahau, atachagua lipi? Niliandika Lomeri. Mashine ikakataa, ikataka na nambari. Nikaweka moja, maana maksai wangu alikuwa mmoja.

Wewe ulimkuta Lomeri akiwa mkubwa. Mimi nilimpata akiwa ndama, ana madoadoa mpaka kwenye kope za macho. Nilimpinda pembe kwa mikono yangu, nikamfunga kengele, nikamtungia wimbo. Jina la ubatizo liko kwenye kitambulisho tu. Watu huku wananiita kwa maksai wangu, Apalomeri, baba wa Lomeri. Alikufa kwenye ukame ule mbaya, na unakumbuka chakula kilivyonishinda. Baada ya hapo, kila asubuhi nilikaa mbele ya ile kompyuta, nikaandika jina lake, na mashine ikafunguka. Siwezi kukudanganya, nilifurahi. Niliona kama nimemwita akaja.

Kisha dada yangu akafariki kule Kataboi. Tulikwenda kumzika, wewe na mama yako na mimi, kwa lori la samaki lililokuwa likirudi tupu Kalokol, na kutoka hapo kwa pikipiki. Tuliporudi Kakuma, nguo zetu bado zina mchanga wa ziwani, meneja alikuwa ananingoja na watu wawili nisiowajua. Katoni za mafuta ya kupikia zilikuwa zimetolewa ghalani, lori zima, siku ya Jumapili. Na kwenye kompyuta, aliyezitoa ni mimi. Nikawaambia Jumapili hiyo nilikuwa na koleo mkononi, nafukia kaburi la dada yangu, na Kataboi nzima ilikuwa inanitazama. Unajua meneja alinijibu nini? "Mzee, watu hudanganya. Kompyuta haidanganyi."

Loh! Mpaka leo maneno hayo yananiwasha mwili mzima. Kompyuta haidanganyi! Kwa hiyo kaburi ndilo lililodanganya? Pasta aliyesimama pembeni yangu ndiye aliyedanganya? Mtu na akili zake timamu, ameajiriwa, ana gari na dereva, anaambiwa mtu alikuwa msibani mbele ya ukoo mzima, naye anageuka kuitazama skrini ndiyo imwambie ukweli!

Wakaniuliza swali moja tu. "Kuna mtu mwingine anayejua paswadi yako?" Nikaketi wima. Nikajibu kwa fahari, "Hakuna. Sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu." Wakatazamana, mmoja akaandika. Sikujua kwamba nimejitia kitanzi mwenyewe, tena kwa majivuno. Wakaniambia nirudishe kitambulisho cha kazi. Nikakirudisha, nikatabasamu, nikawashukuru. Awoi, niliwashukuru!

Nikafika langoni. Soja wa zamu alikuwa kijana wa hapa hapa kwetu, na hakuwa na habari ya yaliyotokea ndani. Akaniinulia mkono kama siku zote. "Apalomeri! Ejok?"

Nilisimama pale kofia mkononi. Kijana alikuwa amenisalimia kwa paswadi yangu. Na si yeye tu. Mwenye duka, wachungaji, watoto wa shule, madereva wa malori, hata meneja mwenyewe siku akiwa na furaha. Nusu ya Kakuma ilikuwa na ufunguo wa ghala lile mdomoni, maana ile moja ya mwisho hata mtoto angeibahatisha, na mimi nimetoka kuapa kwamba hakuna anayeujua! Nikageuka, nikarudi mbio. Nilitaka kuwaambia wamwite mtoto yeyote kutoka barabarani, wamuulize huyu mzee anaitwa nani, na wataona mashine yao inavyofunguka. Soja akapiga simu ndani kuniombea ruhusa. Akasikiliza, kisha akashusha macho. "Apalomeri, wanasema usiingie tena."

Aliyeiba simjui mpaka leo. Sitamtaja mtu, kwa sababu kumtaja mtu bila kujua ndiko walikonifanyia mimi. Ninachokijua ni kilichofuata. Mgao wa mafuta ulipunguzwa, na watu wa kambini wakaambiwa karani Mturkana ndiye aliyeyaiba. Hebu fikiria! Walilichukua jina langu, kisha wakalitumia kuwachonganisha wakimbizi na sisi wenyeji, watu ambao tayari tunavutana kwa kuni na maji. Nilijifungia ndani kwa aibu ya kosa lisilo langu. Wa kwanza kuja kunigongea mlango ni Mama Nyandeng, mtu wa Sudan Kusini, mama wa watoto ambao waliyakosa mafuta hayo. Alikuja na chupa ya chai, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Abu Awoi, wewe ilikuwa kwa kilio. Mimi najua, mimi ilipika chakula ya safari yenu. Sasa nani ilikuwa ndani ya kompyuta?"

Na wewe ulikuwa umekalia ndoo pale kando ya mlango, umemaliza kidato cha nne, huna pa kwenda. Ukauliza, "Baba, ilikuwa kompyuta gani?"

Nilikufokea. Nilikwambia kompyuta ni kompyuta, unyamaze. Hukunyamaza, na ashukuriwe Mungu aliyekupa kichwa kigumu. Ukasema ofisi ile ina kompyuta nyingi na zimeunganishwa kwa nyaya, na kila mtu anapoingia, mtandao unaweka kumbukumbu ameingilia kwenye mashine ipi. Iwe ya ghalani, iwe ya meneja, iwe nyingine. Ukasema mwalimu wenu aliwaonyesha. Kisha ukanitazama kwa macho makubwa ukasema, "Hawakuangalia, Baba? Hakuna hata mmoja aliyeangalia?"

Hakuna aliyeangalia. Nimelifikiria swali lako nikichunga mbuzi, nikinywa chai, nikiwa kanisani. Hawakukosa ujuzi wa kuangalia, maana wale vijana wa nyaya wangepigiwa simu tu. Hawakutaka. Kuangalia kungewapeleka kwenye chumba fulani na kiti fulani, na mwenye kiti hicho huenda angekuwa mtu wa kula naye meza moja. Mimi nilikuwa mwepesi zaidi. Mzee wa hapa, anatabasamu, anashukuru, anaondoka kwa miguu.

Sasa nifike pale nilipokuficha.

Juma lililopita waliniita. Yule meneja alishahamishwa, sasa yuko mama mmoja mwenye sauti ya upole. Akanikaribisha kiti. Akasema wanatafuta mtu mzima, anayewajua watu, mwaminifu, wa kushika lango. Soja. Nikamuuliza, "Mwaminifu?" Akasema ndiyo, kila mtu aliyemuuliza amenitaja mimi. Nikamuuliza, "Na faili langu linasemaje?" Akatazama dirishani. "Hayo ni mambo ya zamani, mzee. Tuyaache."

Nilitaka kuipindua ile meza. Tuyaache! Mtu aliyeondoka na lori zima la mafuta, mnampa lango alinde? Nani kwenye dunia hii humkabidhi mwizi lango? Basi walijua. Walijua tangu zamani kwamba sikuiba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa radhi kuliandika hilo kwenye karatasi na kuweka sahihi yake. Kunipa kazi wanaweza. Kusema tulikukosea, ulimi unakuwa mzito.

Nimekubali, Awoi. Naanza Jumatatu. Ada yako itatoka kwenye lango lile lile nililofukuziwa.

Sasa unajua kwa nini nimesubiri uwe mbali. Ningekwambia hapa nyumbani ungelifungua begi, ungetoa nguo moja moja, ungesema heri usisome kuliko baba yako awafungulie lango watu wale. Na mimi ningeshindwa kukujibu, kwa sababu ningeona uko sahihi. Nimekunyima nafasi ya kukataa. Hilo ni kosa langu la makusudi, nikasirikie upendavyo, ila ukasirike ukiwa darasani.

Lakini usifikiri nimelirudisha lile tabasamu. Nilimwambia yule mama, "Nitalishika lango lako. Ila kila atakayepita nitamwambia mimi ndiye mliyesema nimeiba mafuta, na sikuiba. Awe dereva, awe mgeni kutoka Nairobi, awe Mzungu." Akadhani natania. Atajua Jumatatu.

Juzi ukikunja nguo ulisema bila hata kunitazama, "Nikimaliza nitarudi nisafishe jina lako." Nilijifanya sikusikia. Nikikwambia sitaki, nitakuwa mwongo. Ninataka sana, ninataka mpaka mate yanakuwa machungu mdomoni. Ila usilipeleke jina langu darasani, mama. Litakulemea. Kumbukumbu zile huenda zimeshafutwa, na utakuja kujilaumu kwa kukosa kitu ambacho watu wazima walikiacha kipotee. Soma kwa sababu wewe ni mtu wa kuuliza kompyuta gani. Ungeuliza hivyo hata kama baba yako angekuwa waziri.

Wanatuambia serikali ya kaunti imekuja. Kule Lodwar majengo yanapakwa rangi, kompyuta zinashushwa kutoka kwenye malori, na kila anayezifunga ametoka ng'ambo ya Kainuk. Siku moja utakuwa miongoni mwao. Basi usiwe kama yule kijana wa Nairobi. Ukitandaza nyaya zako mahali, kaa na watu, unywe chai yao, uwasikie wanavyosalimiana, ndipo uwaambie wachague neno la siri. Yule kijana angekaa nasi jioni moja tu, angesikia naitwa nani, na mimi leo ningekuwa bado karani.

Na utafika wakati utaketi upande ule mwingine wa meza. Ataletwa mtu mbele yako, kofia mkononi, anatabasamu kwa sababu anaogopa. Kompyuta itakuwa inasema ni yeye. Mkubwa wako atakuwa na haraka, atataka uweke sahihi mkale. Usiweke. Muulize mkubwa wako lile swali lako, na ukae pale mpaka ujibiwe, hata kama watakuona mkorofi. Na yule mtu usimuulize nani anaijua paswadi yake, maana atakujibu kwa fahari kama nilivyojibu mimi na utammaliza. Muulize kwanza nyumbani kwao watu humwita nani.

Naisikia sauti yako huko njiani, unacheka na Mama Nyandeng, amekusindikiza. Namalizia.

Simu hii uliyonipa, ulinifundisha kuifunga kwa neno la siri, kisha ukageuza uso ukutani ili usilione ninaloandika. Siku ile nilikucheka. Moyoni sikucheka. Hakuna mtu aliyewahi kugeuza uso kwa ajili yangu hivyo. Ulisema lisiwe jina la mnyama, wala neno lolote ambalo mtu anayenijua anaweza kulikisia. Jana nimeliweka jipya, peke yangu, bila msaada. Silitaji hapa, na sitakutajia hata ukinipigia ukilia. Nitakwambia lile nililoanza nalo. Niliandika Awoi, nikalitazama kwa muda, kisha nikalifuta. Mtu yeyote wa Kakuma angejaribu hilo kwanza.

Baba yako,
Apalomeri